Kwa nini chuma cha kuunga mfupa hukatika

MTU aliyevunjika mguu na kutiwa chuma hospitalini mara nyingi huamini kuwa amekwisha kupona, kwa kuwa chuma kina nguvu kuliko mfupa. Imani hiyo imewarudisha wengi katika chumba cha upasuaji.

Chuma hakiponyi mfupa. Kazi yake ni kushikilia vipande mahali pake hadi mwili wenyewe uviunge. Kwa mfupa wa paja au wa muundi wa mtu mzima, kazi hiyo huchukua takriban miezi 3 hadi 6, pengine zaidi. Katika muda huo huwapo mashindano: ama mfupa uunge, ama chuma kichoke.

Chuma huchoka kama waya unaokunjwa na kukunjuliwa. Kila hatua hulipinda bamba kidogo mno. Hatua zikiwa maelfu kwa maelfu, nao mfupa haujaanza kuubeba mzigo, ufa mdogo hutokea, aghalabu penye tundu la skrubu. Hatimaye bamba hukatika mgonjwa akijitembelea tu. Hivyo, chuma kinachokatika baada ya miezi kadhaa mara nyingi huashiria kwamba mfupa haujaunga, wala si lazima kiwe kilikuwa hafifu.

Mfupa hukosa kuunga kwa sababu kadhaa. Ajali kubwa, zikiwemo za bodaboda, huchana nyama na mishipa inayoupelekea damu. Sigara huibana mishipa hiyo, na kisukari huchelewesha uponaji. Viini vikiingia jerahani hujijengea utando juu ya chuma, mahali ambapo dawa huvifikia kwa shida. Kuna pia makosa ya upasuaji, kama vile bamba fupi mno au vipande kuachwa mbalimbali. Kwa wazee ambao mifupa yao imekonda, skrubu hulegea na kung'oka bila kukatika.

Aliyetiwa fimbo ya chuma ndani ya mfupa huenda akaruhusiwa kukanyaga mapema kuliko mwenye bamba. Kwa hivyo, ruhusa aliyopewa jirani si kipimo kwa mwingine.

Maumivu mapya wakati wa kukanyaga, uvimbe, usaha, au mguu kupinda na kufupika ni dalili za kumrudisha mgonjwa hospitalini bila kukawia. Hata asipohisi maumivu, asitupe magongo kabla ya daktari kumruhusu, kwani picha ya eksirei huweza kuonyesha pengo ambalo mguu wenyewe haujalalamikia.