Hofu ya Kupitwa Ina Tarehe Yake

Sisi wahadhiri tumezoea kulalamika kwamba vijana wa leo hawasomi. Tunaingia darasani, tunaona vichwa vimeinamia simu chini ya meza, nasi tunahukumu papo hapo: ni uvivu, ni utovu wa nidhamu. Hukumu hiyo ni nyepesi, kwa kuwa imeisahau historia.

Mwaka 2004, katika Chuo Kikuu cha Harvard, mambo mawili yalitokea. Mwezi Februari, Mark Zuckerberg na wenzake walianzisha Facebook wakiwa bwenini, na mwanzoni ilikuwa ya wanafunzi wa chuo hicho peke yao. Mwaka huohuo Patrick McGinnis, mwanafunzi wa shahada ya uzamili ya biashara, aliandika katika gazeti la wanafunzi kuhusu hofu ya kupitwa: ile hali ya mtu kushindwa kutulia alipo kwa kudhani kuwa jambo bora zaidi linatendeka kwingine. Hofu ilipewa jina palepale chombo cha kuikuza kilipozaliwa.

Kilichofuata ni biashara. Mitandao hii huishi kwa matangazo, na matangazo huhitaji macho ya watu. Mwaka 2009 Facebook iliweka kitufe cha kupenda. Mwaka huohuo mkonga wa SEACOM, uliopita chini ya bahari, ulifika Mombasa na Dar es Salaam. Simu janja ziliposhuka bei, hofu ile ikahamia katika mabweni yetu.

Mabweni hayo yana historia nyingine pia. Mwaka 1969 wanafunzi wa Dar es Salaam walianzisha jarida la Cheche, wakasoma na kubishana nje ya mitaala. Mwaka 1970 serikali ikalipiga marufuku. Kizazi kile kilimjua aliyekizuia. Kizazi cha leo hakikatazwi kitabu. Kinanyang'anywa muda wake, dakika baada ya dakika, kisha kinaambiwa kosa ni lake.

Basi mwanafunzi anayezima arifa kwa saa mbili ili asome amekataa kugeuzwa bidhaa. Lakini tusimtwishe mzigo huu peke yake. Ni sisi tunaotangaza mabadiliko ya ratiba usiku katika makundi ya WhatsApp. Asiyeshika simu hukosa kipindi kweli. Kabla ya kumwambia aiweke chini, tuhakikishe kwamba akiiweka hatapitwa na haki yake.