Kuku wa kienyeji wa Singida: kuatamia na kuangua

Kuku wa Singida ana jina sokoni Dar es Salaam, ambako hushushwa akiwa kwenye matenga. Katika vijiji vya mkoa huo, vikiwemo vya kata ya Mtinko katika nchi ya Wanyaturu, kazi ya kuangua bado ni ya tetea mwenyewe. Anaatamia siku 21, joto la mwili wake likiwa ndiyo mashine.

Tetea huanza kuatamia mayai yanapolundikana mahali penye giza na utulivu. Hapo homoni ya prolaktini hupanda, utagaji husimama, naye hukaa kiotani mchana na usiku. Kwa hiyo mfugaji anayetaka vifaranga huanza na kiota: kapu, boksi au chungu kilichovunjika, chenye nyasi kavu na majivu kidogo ya kuzuia utitiri, mbali na pilika za mbuzi na watoto.

Akiachwa afuate mpango wake, tetea hutaga mayai 10 hadi 15, huatamia, kisha hulea vifaranga miezi 2 au zaidi kabla ya kutaga tena. Mizunguko ya mwaka mzima huwa 3 hivi. Wafugaji wameipunguza hasara hiyo ya muda kwa kuwalaza kuku kwa pamoja. Tetea wa kwanza akishaanza kulalia, mayai yake huondolewa, naye huwekewa yai viza 1 la kumtuliza mpaka wenzake 2 au 3 nao wawe tayari. Jioni moja wote hupewa mayai mazuri, 10 hadi 13 kila mmoja. Wanapoangua, vifaranga hukabidhiwa mama mmoja, na matetea waliobaki hurudi kutaga mapema.

Mayai ya kuatamiwa huchaguliwa kwa makini. Yawe ya siku zisizozidi 10, yasiwe na ufa, na yahifadhiwe penye ubaridi, ncha iliyochongoka ikiwa chini. Jogoo 1 hutosha tetea 10. Siku ya 7 mayai humulikwa kwa tochi gizani: lenye mishipa ya damu hubaki, lililo wazi huondolewa.

Tetea anayeatamia hutoka kiotani mara moja kwa siku, kwa hiyo maji na chakula huwekwa karibu ili mayai yasipoe.

Ugonjwa wa kideri, au mdondo, huweza kufagia banda zima la kuku waliokwisha kuanguliwa. Chanjo yake ya I-2, inayovumilia joto kuliko chanjo za kawaida, ilianzia Australia na sasa huzalishwa Kibaha na Wakala ya Maabara ya Veterinari Tanzania. Hutolewa kwa tone 1 jichoni na kurudiwa kila baada ya miezi 3.