Pini, kahawa na vita katika barua za Abigail Adams

Tarehe 16 Juni 1775, Abigail Adams wa Braintree, Massachusetts, alimwandikia mumewe John, aliyekuwa Philadelphia kwenye Bunge la makoloni, akamwomba amnunulie pini. Waingereza walikuwa wameifunga bandari ya Boston. Pini za shilingi 7 na nusu zilikuwa zimepanda hadi 20, na hata kwa bei hiyo hazipatikani. Kesho yake, katika vita vya makoloni dhidi ya Waingereza, mizinga ikanguruma Bunker Hill, karibu na Boston. Abigail akapanda kilimani na mwanawe John Quincy, mtoto wa miaka 7, wakatazama moshi wa mapigano kwa mbali.

Waswahili tunasema barua ni nusu ya kuonana. Kwa wanandoa hawa, barua ilikuwa pia gazeti. John alijadili uhuru akiwa mbali na kwao. Habari za soko, maradhi na manung'uniko ya mtaani alizipata kwa mkewe.

Barua ya Julai 1777 ndiyo inayonivutia kuliko zote. Tajiri mmoja wa Boston alificha kahawa ghalani, akakataa kuiuza chini ya shilingi 6 kwa ratili. Wanawake wapatao mia, wengine walisema zaidi, wakamwendea na mkokoteni, wakadai funguo. Alipogoma, mmoja wao akamkaba shingo na kumtupa mkokotenini. Funguo zikatoka. Wakafungua ghala, wakapakia kahawa wenyewe, wakaondoka nayo. Wanaume waliofurika pale, anasema Abigail, walibaki wameduwaa.

Mwandishi wa habari hizo hakuwa na kura. Machi 1776 alimsihi mumewe kwamba sheria mpya ziwakumbuke wanawake, waume wasiachiwe mamlaka yasiyo na mpaka. John alijibu kwamba ombi hilo limemchekesha. Alikuwa na akili nyingi, lakini hapo alikosea.

Kuandika kwenyewe kulikuwa hatari. Mwaka 1775 Waingereza walinasa barua za John, mojawapo ikiwa aliyomwandikia Abigail, zikachapishwa gazetini. John alipokwenda Ufaransa mwaka 1778, barua zilichukua miezi baharini, na nahodha aliyekaribia kukamatwa na adui alizitosa majini. Hata hivyo Abigail aliendelea kuandika, akiuza leso na vitambaa ambavyo mumewe alimtumia kutoka Ulaya ili nyumba iende, na kufuatilia mazungumzo ya John na Waholanzi, ambao mwaka 1782 waliitambua Marekani na kuikopesha gilda milioni 5.

Abigail aliona mwandiko wake mbaya, akamwomba mumewe azichome barua zake. John akajibu kwamba ili afanye hivyo, itabidi kwanza amsahau yeye mwenyewe. Hakuzichoma. Zaidi ya barua 1,100 walizoandikiana zimesalia, nazo zinatunzwa mjini Boston.