Usonji na vipaji maalumu: Kuchaguliwa si kupokelewa

JINA la mtoto linapoonekana katika orodha ya waliochaguliwa kujiunga na Shule ya Sekondari Kibaha, mkoani Pwani, familia nyingi huona kuwa safari ngumu imekwisha. Shule hiyo ni miongoni mwa shule chache za Serikali zinazopokea wanafunzi wenye vipaji maalumu, na nafasi yake hutafutwa kwa miaka saba ya shule ya msingi.

Kwa mtoto mwenye usonji, siku hiyo ndiyo safari nyingine inapoanza. Anaweza kukokotoa hesabu zinazowashinda wanafunzi wa madarasa ya juu yake, lakini akashindwa kupata usingizi katika bweni lenye kelele, kula katika bwalo lililojaa vishindo vya sahani na benchi, au kutambua kwamba mwenzake anamtania tu.

Mtihani humpima uwezo wa kujibu maswali. Haumpimi uwezo wa kuishi na wenzake mchana na usiku, wala hauwapimi wenzake uwezo wa kuishi naye. Hapo ndipo watoto wengine wenye akili nyingi hupotea wakiwa tayari wameingia ndani ya lango walilolitamani.

Usonji ni nini

Usonji ni hali ya ukuaji wa ubongo inayoanza utotoni na kudumu maishani. Huathiri namna mtu anavyowasiliana na kuhusiana na wengine. Aghalabu huambatana na kupenda utaratibu usiobadilika, kuzama katika jambo moja kwa kina, na kuhisi sauti, mwanga, harufu au mguso kwa ukali kuliko watu wengine, au pengine kwa uhafifu zaidi.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa mwaka 2021 karibu mtu mmoja kati ya kila watu 127 duniani alikuwa na usonji. Hali hiyo haiambukizi, na haitokani na malezi mabaya.

Daktari Leo Kanner wa Marekani ndiye aliyechapisha mwaka 1943 maelezo ya watoto 11 yaliyoifanya hali hii ijulikane sana. Mwaka uliofuata Hans Asperger wa Vienna, Austria, aliandika kuhusu watoto wenye dalili zinazofanana, baadhi yao wakiwa na ufasaha wa maneno na maarifa mengi katika jambo walilolipenda.

Kwa miaka mingi watu wa aina hiyo waliitwa kwa jina la Asperger. Mwaka 2013 mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani uliziunganisha aina zote chini ya jina moja la usonji. Aidha, mwaka 2018 mwanahistoria Herwig Czech alionyesha kuwa Asperger alishirikiana na mpango wa utawala wa Kinazi wa kuwaua watoto wenye ulemavu, jambo lililowafanya wengi waache kulitumia jina lake.

Wapo wenye usonji wanaohitaji msaada mkubwa kila siku, na wapo wanaofikia ngazi za juu za elimu. Takwimu za Marekani za mwaka 2022 kuhusu watoto wa miaka minane zilionyesha kuwa takriban wanne kati ya 10 wenye usonji, miongoni mwa waliokuwa na kumbukumbu za vipimo, walikuwa pia na ulemavu wa akili. Wengi waliobaki hawakuwa nao.

Milango miwili, mtoto mmoja

Nchini Tanzania mtoto mwenye usonji na kipaji kikubwa hukutana na milango miwili, na kila mmoja umetengenezwa kwa ajili ya nusu yake tu.

Mlango wa kwanza ni wa elimu maalumu. Vipo vitengo vya watoto wenye usonji katika baadhi ya shule za msingi, kikiwamo cha Msimbazi Mseto jijini Dar es Salaam. Vitengo vya namna hii hufanya kazi kubwa ya kuwafundisha watoto mawasiliano, kujitegemea na stadi za awali. Mtoto ambaye tayari anasoma vitabu vya kidato cha nne hapati humo mtu wa kujadiliana naye.

Mlango wa pili ni wa shule za vipaji maalumu. Kwa miaka mingi kundi hilo limekuwa na Kibaha, Ilboru, Mzumbe na Tabora kwa wavulana, pamoja na Kilakala, Msalato na Tabora kwa wasichana. Humo mtoto hukuta wenzake wanaopenda anachokipenda. Hata hivyo, ni rahisi kudhani kwamba aliyefaulu hawezi kuwa na ulemavu, na kwamba anayeziba masikio mstarini ana kiburi.

Ndiyo maana watoto hawa hawaonekani. Alama zao nzuri huficha shida yao, na shida yao inapojitokeza hufunika alama zao.

Mila nazo zina sehemu yake. Utafiti uliofanywa na Joseph Gona na wenzake katika pwani ya Kenya, uliochapishwa mwaka 2015, ulionyesha kuwa wazazi na wataalamu walitaja majini, uchawi na laana pamoja na sababu za kitabibu walipoulizwa chanzo cha usonji. Mzazi anayeogopa kusemwa hivyo huona afadhali kunyamaza, hasa mtoto anapofanya vizuri darasani.

Kutoka Minaki hadi Tumbi

Mkoa wa Pwani una historia ndefu ya kukusanya vijana wenye akili mahali pamoja. Mwaka 1925 wamisionari wa Kianglikana wa UMCA walikihamisha Chuo cha Mtakatifu Andrea kutoka Kiungani, Zanzibar, na kukileta Minaki, wilayani Kisarawe. Chuo hicho kilikuja kuwa Shule ya Sekondari Minaki, mojawapo ya shule kongwe za bweni za Serikali.

Huko Tumbi, Kibaha, mradi wa pamoja wa Tanganyika na nchi za Nordiki ulianza mwanzoni mwa miaka ya 1960. Denmark, Finland, Norway na Sweden zilisaidia kujenga shule ya sekondari, kituo cha afya na kituo cha kuwafundisha wakulima. Januari 1970 mradi ulikabidhiwa kwa Serikali na kuwa Shirika la Elimu Kibaha. Rais wa Awamu ya Nne, Jakaya Kikwete, ni mmoja wa waliosoma sekondari hapo.

Shule za namna hiyo hutoa kitu ambacho mtoto mwenye usonji na kipaji hukikosa kijijini au mtaani: watu wengine wanaoona si ajabu kubishana saa nzima juu ya namba tasa. Ratiba yao ni ya kengele. Kila saa ina shughuli yake, na mwenye kupenda utaratibu hupata faraja humo.

Lakini shule hizo hizo ni za bweni. Bweni lina sheria zake zisizoandikwa: nani anatangulia kuoga, utani upi ujibiwe kwa utani, lini mtu akae kimya mbele ya kiranja. Wengi hujifunza mambo hayo bila kufundishwa. Mwenye usonji huyavunja bila kujua, kisha huadhibiwa kwa kosa ambalo hakuna aliyemweleza.

Kutoelewana ni kwa pande mbili

Kwa muda mrefu iliaminika kuwa mwenye usonji ndiye asiyewaelewa wengine. Mwaka 2012 mwanasosholojia wa Uingereza Damian Milton, ambaye mwenyewe ana usonji, alipinga mtazamo huo. Alieleza kuwa kutoelewana huko ni kwa pande mbili: mwenye usonji hushindwa kuwasoma wengine, na wengine nao hushindwa kumsoma yeye.

Mwaka 2020 Catherine Crompton na wenzake nchini Scotland walichapisha jaribio lililofanana na mchezo wa kupokezana habari. Hadithi ilipita kutoka mtu mmoja hadi mwingine. Ilipotea zaidi katika makundi yaliyochanganya wenye usonji na wasio nao, huku makundi ya wenye usonji pekee yakiifikisha sawa na ya wasio nao.

Jaribio kubwa zaidi lililochapishwa mwaka 2025, lenye washiriki zaidi ya 300, halikuona tofauti hiyo kati ya makundi. Hata hivyo, matokeo yote mawili yanakubaliana katika jambo moja: wenye usonji wanaweza kupeana habari kwa ufanisi kama watu wengine.

Kwa mwalimu wa bweni maana yake ni kwamba kumfundisha mwanafunzi mmoja adabu za kundi hakutoshi. Kundi nalo linapaswa kufundishwa namna ya kumsoma mwenzao.

Mwalimu mmoja wa sayansi

Mfano unaojulikana sana ni wa Temple Grandin, Mmarekani aliyezaliwa mwaka 1947. Hakuzungumza hadi alipokaribia umri wa miaka minne. Alipokuwa kijana alifukuzwa shule baada ya kumrushia kitabu msichana aliyemdhihaki, akahamishiwa shule ndogo ya bweni huko New Hampshire.

Huko alikutana na mwalimu wa sayansi, William Carlock. Grandin alikuwa amevutiwa mno na kifaa cha kumbana ng'ombe wakati wa chanjo, akatengeneza chake kwa ajili ya kujituliza. Wengine waliona ni jambo la kushangaza. Carlock alimwambia atafute kisayansi kwa nini kinatuliza, akamfundisha kutumia maktaba na kusoma tafiti.

Grandin alipata shahada ya uzamivu mwaka 1989 na kuwa profesa wa sayansi ya wanyama katika Chuo Kikuu cha Jimbo la Colorado. Miundo yake ya mazizi imetumika katika machinjio mengi ya Marekani. Mlango wake wa kuingia katika jumuiya ya wasomi ulikuwa jambo lile lile lililowafanya wenzake wamcheke.

Watu wenye usonji walijitengenezea pia mahali pao. Mwaka 1996 kundi lililoongozwa na Jim Sinclair lilianza nchini Marekani mkutano wa kila mwaka ulioitwa Autreat. Walioshiriki walivaa alama za rangi: nyekundu kwa asiyetaka kusemeshwa, njano kwa anayetaka kusemeshwa na anaowafahamu tu, kijani kwa anayetaka kuzungumza lakini hawezi kuanza. Sheria iliyofichika ikawa imewekwa wazi.

Hatua zisizohitaji fedha nyingi

Mengi ya mambo hayo yanawezekana katika shule ya Kibaha au Kisarawe. Kanuni za bweni zinaweza kuandikwa na kubandikwa ukutani, zikiwamo zile ambazo kila mtu hudhani zinajulikana. Mabadiliko ya ratiba yanaweza kutangazwa mapema. Mwanafunzi anaweza kupewa kitanda cha pembeni, ruhusa ya kula mapema kabla bwalo halijajaa, na saa moja ya kukaa maktaba bila kuulizwa.

Klabu za masomo zina nafasi kubwa. Katika klabu ya Hisabati au mdahalo wenye taratibu zake, mazungumzo yana mada, mpangilio na mwisho. Mtu huja kwa sababu ya kazi iliyopo mezani, na urafiki hufuata baadaye. Mashindano ya Chama cha Hisabati Tanzania, CHAHITA, humpa mwanafunzi wa shule ya kawaida ya kata nafasi ya kukutana na wenzake hata kama hakuchaguliwa kwenda shule ya vipaji.

Wasichana wanahitaji jicho la pekee. Tafiti zinaonyesha kuwa wavulana wanaogunduliwa ni karibu watatu kwa kila msichana mmoja, na sehemu ya tofauti hiyo hutokana na wasichana kuiga wenzao na kuficha dalili zao. Kujificha huko huchosha, na mara nyingi mwalimu huona upole tu.

Sheria nayo ipo. Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu mwaka 2009, na mwaka 2010 Bunge lilipitisha Sheria ya Watu Wenye Ulemavu. Baraza la Mitihani hutoa muda wa ziada kwa watahiniwa wenye mahitaji maalumu, ambao kwa Hisabati ni mrefu zaidi kuliko kwa masomo mengine. Mzazi anayehisi mtoto wake ana usonji anashauriwa kuanzia katika hospitali ya wilaya au ya mkoa na kuomba rufaa ya kumwona mtaalamu. Kutoka Kisarawe na Kibaha, Hospitali ya Taifa Muhimbili ipo umbali wa safari ya basi.

Tangu mwaka 2008 dunia huadhimisha Siku ya Uelewa wa Usonji kila Aprili 2. Siku hiyo huzungumzwa zaidi habari za watoto wadogo wasiosema. Ni haki yao. Lakini katika mabweni wapo pia wale wanaosema vizuri, wanaofaulu vizuri, na wanaokula peke yao kila siku.

Kwao, orodha ya waliochaguliwa ilikuwa nusu ya ahadi. Nusu ya pili iko mikononi mwa mwalimu wa malezi, kiranja wa bweni na mwanafunzi wa kitanda cha jirani.