Mfuatano wa herufi pana (lugha ya C)

Mfuatano wa herufi pana ni safu ya thamani za aina ya wchar_t katika lugha ya kompyuta ya C, inayofungwa kwa thamani sifuri. Funksheni zake, kama wcslen, wcscpy na wcscat, hutangazwa katika faili la wchar.h, lililoingizwa kwenye kiwango cha C mwaka 1995. Haja yake huonekana katika maandishi ya Kiganda: neno eŋŋoma lina herufi 6, lakini likiandikwa kwa UTF-8 strlen huhesabu baiti 8, kwa kuwa kila ŋ huchukua baiti 2. Likigeuzwa kwa mbstowcs, baada ya kuita setlocale, wcslen hurudisha 6, na towupper hubadili ŋ kuwa Ŋ.

Wapo wanaoshikilia kwamba UTF-8 yatosha. Kwa kuhifadhi na kusafirisha maandishi hoja yao ni sahihi, maana wchar_t ni biti 16 kwenye Windows na kwa kawaida 32 kwenye Linux. Ila kukata neno au kubadili herufi moja moja ni kazi nyepesi zaidi kwa herufi pana. Hatari kubwa ni kumbukumbu: nafasi inayohitajika ni (wcslen + 1) mara sizeof(wchar_t), na wcscpy haikagui mpaka wa safu.