Kutoka Ndiva hadi Bomba: Maji ya Kwetu Upareni



Wengi wetu tuliozaliwa milimani tuliijua ndiva kabla ya kulijua bomba. Ndiva ni bwawa dogo la udongo na mawe, urithi wa mababu zetu. Usiku hukusanya maji ya kijito. Asubuhi huzibuliwa, maji yakashuka kwa mifereji hadi mashambani, kila mmoja kwa zamu yake. Tope lilipojaa, iliitwa msaragambo, na watu wakatoka na majembe. Aliyekwepa bila sababu alitozwa faini. Hapakuwa na mfadhili wala leja, lakini kila mtu alijua nani anayewajibika na matengenezo.

Hata hivyo, ndiva ilikuwa ya kumwagilia, haikuwa maji safi ya kunywa. Wala haikuwafikia wote. Sisi wa milimani tulikuwa na chemchemi. Ndugu zetu wa tambarare, ambako mvua ni haba, walibaki na makorongo makavu na visima vya maji ya chumvi. Huko mama aliamka kabla ya jogoo kuwika, na binti akafika shuleni amechelewa, ndoo imemlia utosi.

Baada ya Azimio la Arusha la 1967, serikali iliweka maji ya vijijini mbele. Mwaka 1971 ulianzishwa mpango wa miaka 20: ifikapo 1991, kila mwananchi wa kijijini apate maji safi umbali usiozidi mita 400 kutoka nyumbani. Maji yalikuwa bure. Mabomba yalijengwa nchi nzima, mengi kwa msaada wa wahisani. Lakini shida ya uchumi ya miaka ya 1980 ilipobana, dizeli na vipuri vikakosekana, na pampu nyingi zikanyamaza. Mwaka 1991 ulipofika, lengo lilikuwa bado mbali. Sera ya Maji ya mwaka huo ikaleta uchangiaji, na Sera ya 2002 ikataka jamii za vijijini zimiliki miradi yao na kugharamia uendeshaji na matengenezo. Mwaka 2019 ikaundwa RUWASA kusimamia maji vijijini. Na Machi 2025, baada ya kusubiri miaka mingi, ukazinduliwa mradi mkubwa wa Same–Mwanga–Korogwe unaochota maji bwawa la Nyumba ya Mungu.

Tunashukuru. Lakini bomba kubwa halifiki lenyewe kwenye kila kitongoji, na bomba lililofika halijitengenezi.

Hapa ni lazima tujiseme wenyewe. Tulipopitia vitabu vya chama chetu, tulikuta tumenunua mabomba, saruji, matanki, hata kitambaa na chakula cha siku ya uzinduzi. Hatukukuta hata shilingi moja ya vipuri. Mwaka uliofuata koki ya kitongoji cha mwisho kule tambarare ilikauka kwa sababu ya valvu moja iliyoharibika. Sisi tulikuwa mjini tukionyeshana picha za uzinduzi. Akina mama walikuwa wamerudi korongoni. Vitabu vyetu vilisawazishwa vizuri, ila ndoo zilikuwa tupu.

Babu zetu wasingefanya kosa hilo. Walijua kwamba kuchimba ndiva ni kazi ya msimu mmoja, kuitoa tope ni kazi ya maisha.

Kwa hiyo mwaka huu tunaomba michango kwa namna tofauti. Sehemu itapeleka bomba kwa wenzetu wa tambarare ambao hawajafikiwa. Sehemu nyingine itawekwa kwenye akaunti ya matengenezo, ambayo haitaguswa kwa kazi nyingine, na hesabu zake zitasomwa kijijini na mjini, mbele ya watumiaji maji wenyewe.

Asiye na nafasi ya kwenda nyumbani na jembe, msaragambo wake ni huu. Karibuni tuchange.