Atomu inayokaa mwaka mmoja na nusu kabla ya kutoa mwanga: Waliipimaje?

Sekunde inayohesabiwa kwenye simu yako chimbuko lake ni atomu ya seziamu. Tangu 1967, sekunde moja ni mitetemo 9,192,631,770 ya mawimbi ya atomu hiyo. Lakini sasa kuna mpango wa kubadilisha kipimo hicho, labda mwaka 2030, kwa kutumia saa za mwanga, ambazo mitetemo yake ni ya kasi zaidi mara maelfu.

Moja ya saa hizo inatumia atomu moja tu ya iterbiamu iliyopungukiwa elektroni moja. Ile ya maabara ya PTB huko Braunschweig, Ujerumani, ni sahihi kiasi kwamba ingechukua takriban miaka bilioni 10 kukosea kwa sekunde moja.

Siri yake? Atomu hii ni mvivu. Ukiipandisha kwa leza, inabaki huko juu muda mrefu mno kabla ya kushuka yenyewe na kutoa mwanga. Na kadiri inavyokaa juu, ndivyo rangi ya mwanga wake inavyokuwa moja tu, bila kutawanyika. Kwa saa, hilo ni dhahabu.

Swali likawa: inakaa muda gani hasa? Mwaka 1997 watafiti wa NPL, Uingereza, walikadiria miaka 10 hivi. Kuketi na kungoja haisaidii sana, maana hata ndani ya chombo kilichoondolewa hewa hubaki chembe chache za gesi. Zikiigonga atomu, inashuka kabla ya wakati wake.

Mwaka 2021 timu ya PTB ikaja na njia nyingine: badala ya kungoja ishuke, pima inavyopanda. Nguvu inayoiunganisha atomu na mwanga ni ileile, ipande au ishuke. Kwa hiyo ukijua leza ina ukali gani na atomu inapanda kwa kasi gani, unaweza kukokotoa itakaa juu muda gani.

Shida ni kujua ukali wa leza pale hasa atomu ilipo. Huwezi kuingiza kifaa kwenye nafasi ndogo namna hiyo. Hapa ndipo penyewe (binafsi ndipo paliponifurahisha): leza ikiwaka, inasogeza kidogo masafa ya atomu, na kadiri ilivyo kali ndivyo inavyosogeza zaidi. Wakapima msogeo huo pamoja na kasi ya kupanda. Atomu ikajipimia leza yenyewe.

Jibu: sekunde milioni 49.8, yaani mwaka 1.58, na shaka ya asilimia 5 tu. Ni wastani lakini. Atomu moja inaweza kushuka leo, nyingine miaka mitatu ijayo.

Uvivu huo una gharama yake. Atomu isiyojali mwanga inahitaji leza kali ili ipande, na leza hiyohiyo ndiyo inayosogeza masafa ambayo saa inayategemea. Ndiyo maana watengeneza saa hizi hutumia mapigo ya leza yaliyopangwa maalumu ili msogeo huo ujifute.